Maswali na Majibu ya Sayansi: RNA ya virusi vya korona na mikunjo yake

Katika toleo lililopita tuliandika, kwa kupita tu, kwamba RNA ya virusi vya korona haikai ndani ya seli ikiwa imenyooka, bali hujikunja katika maumbo mbalimbali, na kwamba yapo baadhi ya maumbo hayo ambayo kirusi hakiwezi kuzaliana bila hayo. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua sita. Mbili za mwanzo zinagusa kiini cha jambo, kwa hiyo tumezijibu kwa urefu. Nyingine tumezijibu kwa kadiri zinavyohitaji.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita huwa nawafundisha kwamba DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana na RNA ina uzi mmoja. Sasa mnaposema RNA ya korona ina mashina, vitanzi na mafundo, uzi huo mmoja unashikamana na nini? Na hata ukishikamana, umbo hilo linakifaa nini kirusi, ikiwa ujumbe wenyewe umo katika herufi?

Mwalimu, unayowafundisha ni sahihi, ila imebaki hatua moja: uzi mmoja hushikamana na wenyewe. RNA imeundwa kwa herufi nne, yaani A, U, G na C, ambazo ni vifupisho vya adenini, urasili, guanini na sitosini. A hupenda kushikana na U, G hushikana na C, na G huweza pia kushikana na U japo kwa ulegevu zaidi. Chukua kipande chenye herufi GGCAC, kisha mbele yake kidogo pawe na GUGCC. Uzi ukijipinda, G ya kwanza itakutana na C ya mwisho, na zilizobaki zitapangana jozi kwa jozi hadi tano zote zipate wenzake. Sehemu hiyo iliyoshikana ndiyo tunayoiita shina, na herufi zilizoachwa katikati bila wenzake hutokeza juu ya shina na kuwa kitanzi. Kitanzi hicho nacho kikiwa na herufi zinazooana na herufi za mahali pengine kwenye uzi, zitashikana pia, na hapo hupatikana umbo gumu zaidi ambalo wanasayansi huliita fundo bandia, kwa sababu linaonekana limefungwa ilhali ncha za uzi hazijapitishwa popote.

Ukija kwenye swali lako la pili, itafaa tuanze na ukubwa wa kazi inayoikabili RNA hii. Mfuatano wa kwanza wa kirusi cha UVIKO-19, uliotangazwa Januari 2020 kutoka kwa mgonjwa wa Wuhan, una herufi 29,903. Kwa virusi vya RNA huo ni urefu wa kushangaza: virusi vya mafua vina takriban herufi 13,500, tena zimegawanywa katika vipande vinane, na VVU haifiki herufi 10,000. Uzi huo wa korona unapoingia katika seli huwa tayari ni ujumbe unaoweza kusomwa na ribosomu, yaani mitambo ya seli inayotengeneza protini. Lakini uzi huohuo ndio unaopaswa kunakiliwa ili upate wenzake, na ndio unaopaswa kufungashwa katika virusi vipya. Ribosomu husoma kuanzia mwanzo wa uzi kwenda mwisho. Polimerasi, ambacho ni kimeng'enya cha kunakili, huanzia mwishoni na kurudi mwanzoni. Zikianza safari kwa wakati mmoja juu ya uzi mmoja, zitagongana njiani. Lazima basi pawe na jambo linaloamua nani aanze, wapi aanzie na kwa kiasi gani, na herufi zikiwa zimenyooshwa tu haziwezi kuamua hayo. Uamuzi huo hufanywa na protini zikishirikiana na mikunjo, na mikunjo mingi inayojulikana vizuri imejaa kwenye ncha mbili za uzi.

Tazama ncha ya mwanzo. Kabla ya protini kuu ya kwanza kuanza kuandikwa, kuna herufi 265, nazo zimejikunja katika mashina yenye vitanzi ambayo watafiti wameyapa namba kuanzia la kwanza hadi la tano. La pili ni dogo sana, lakini linafanana karibu katika ukoo wote wa virusi vya korona. La tatu limebeba herufi sita ambazo tutazirudia katika barua ya nne. La tano ni kubwa, lina matawi, na ndani yake ndimo ilimofichwa alama ya AUG, mahali ribosomu inapoanzia kuandika protini.

Shina la kwanza ndilo linalonivutia zaidi. Protini ya kwanza kabisa kukatwa kutoka katika mnyororo wa protini unaotengenezwa na kirusi inaitwa Nsp1, na mwaka 2020 maabara za Ujerumani na Uswisi zilionyesha, kwa kutumia darubini ya elektroni ya baridi kali, kwamba mkia wa protini hiyo huingia katika mfereji wa ribosomu ambamo RNA hupitia na kuuziba. Matokeo yake ni kwamba RNA za seli yenyewe hukosa pa kupita, na seli hushindwa kutengeneza protini zake za kujihami, zikiwemo interferoni ambazo huziarifu seli jirani kwamba hatari imeingia. Lakini ribosomu hizohizo ndizo ambazo kirusi kinazihitaji! Kinaokolewa na shina la kwanza: RNA yenye shina hilo mwanzoni mwake huendelea kusomwa hata pale Nsp1 ilipo. Watafiti wakiliharibu shina hilo, RNA ya kirusi nayo huzuiwa kama RNA nyingine yoyote.

Katika ncha ya mwisho hali si wazi kiasi hicho. Huko kuna shina lenye uvimbe, na pembeni yake fundo bandia, na sehemu ya herufi zao ni zilezile, kiasi kwamba moja likijifunga kikamilifu jingine halina budi kufunguka. Katika kirusi cha korona cha panya, ambacho kimechunguzwa maabarani kwa miaka mingi, yote mawili yalionekana ni ya lazima, na ndipo likaja wazo kwamba huenda ni swichi inayogeuza RNA kutoka hali moja hadi nyingine. Wazo hilo ni zuri, lakini katika vipimo vilivyofanywa juu ya kirusi cha UVIKO-19 shina lilijitokeza bayana, ilhali fundo halikuonekana kwa uthabiti uleule. Kwa hiyo ukilifundisha darasani, lifundishe kama dhana inayochunguzwa.

Huenda wanafunzi wako watauliza mambo haya yamejulikanaje, maana hakuna anayeziona herufi kwa macho. Njia mojawapo ni kuweka kemikali, kwa mfano dimethili salfeti, inayozing'ang'ania A na C zisizo na wenzake na kuziacha zilizoshikana. RNA inapogeuzwa baadaye kuwa DNA na kusomwa, kila palipoguswa na kemikali huonekana pana kasoro, na kutokana na kasoro hizo mtu anaweza kutambua wapi pana shina na wapi pana kitanzi. Maabara ya Anna Marie Pyle katika Chuo Kikuu cha Yale ni miongoni mwa zilizotumia kemikali za namna hiyo kuchora ramani ya uzi mzima wa kirusi ndani ya seli zilizoambukizwa.

Mhariri, salaam. Ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro. Nimesoma kwamba ribosomu inaposoma RNA ya korona hufika mahali "ikateleza" na kurudi nyuma herufi moja. Kwangu mimi hilo ni kosa la usomaji. Kosa linawezaje kuwa sehemu ya lazima ya maisha ya kirusi?

Ni kosa kwa ribosomu, lakini kwa kirusi ni mpango uliowekwa makusudi. Ribosomu husoma herufi tatutatu, kila tatu zikiwa kodoni moja, wala hakuna nafasi kati ya kodoni na kodoni. Chukua sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatutatu: LEO MTI ULE UNA MBU. Msomaji akifika mwisho wa ULE, akarudi nyuma herufi moja na kuisoma E mara ya pili, kisha akaendelea tatutatu, atapata LEO MTI ULE EUN AMB U. Katika Kiswahili huo ni upuuzi. Kirusi cha korona kimeandikwa kwa namna ambayo usomaji wa namna zote mbili una maana.

Hebu tuangalie herufi zenyewe. Karibu na herufi ya 13,460 ya kirusi cha UVIKO-19, ribosomu hukutana na mfuatano usemao UUUUUAAACGGGUUUGCGGUGUAAGU. Katika mpangilio iliokuja nao, inasoma UUU, UUA, AAC, GGG, UUU, GCG, GUG, kisha UAA. UAA ni alama ya kukoma. Ribosomu huachia, na protini huishia hapo. Lakini ikifika kwenye AAC ikarudi nyuma hatua moja, ile C itasomwa mara mbili, na kinachofuata kitakuwa CGG, GUU, UGC, GGU, GUA, AGU. Alama ya kukoma imetoweka, kwa sababu herufi zake sasa zimegawanywa katika kodoni mbili tofauti, na ribosomu inaendelea na safari ya herufi nyingine zaidi ya 8,000.

Mteremko wenyewe uko katika herufi saba, UUUAAAC. Molekuli mbili za tRNA zilizobeba asidi amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo zilikuwa zimekaa juu ya UUA na AAC, zikirudi nyuma hatua moja hujikuta juu ya UUU na AAA, na kwa kuwa herufi hizo zinafanana sana na zile za mwanzo, tRNA hizo hushika tena bila taabu kubwa. Hata hivyo utelezi peke yake hautoshi. Ribosomu hupita mahali pengi penye utelezi bila kuteleza. Hapa ndipo mkunjo unapoingia kazini: herufi chache tu mbele ya mteremko huo limekaa fundo bandia lenye mashina matatu. Ribosomu inapaswa kufungua kila shina inalokutana nalo ili uzi uweze kupita katika mfereji wake, na fundo hili ni gumu kulifungua. Linakwama mlangoni, uzi unavutika, ribosomu inasimama ikiwa imezikalia zile herufi saba, na katika kuvutana huko mara nyingine inarudi nyuma. Mwaka 2021 kundi la Nenad Ban wa ETH Zurich, likishirikiana na wenzao akiwemo John Atkins wa Cork huko Ireland, lilichapisha picha za ribosomu ikiwa imenaswa katika hali hiyohiyo, fundo likiwa limebana kwenye mlango wa mfereji.

Sasa tuje kwenye lile neno "lazima" ulilolitumia. Ribosomu isipoteleza hupatikana mnyororo mfupi, ambao hukatwa na kutoa protini kadhaa, zikiwemo Nsp1 na vimeng'enya vya kukatia mnyororo wenyewe. Ikiteleza hupatikana mnyororo mrefu wenye asidi amino zaidi ya 7,000, ambao pamoja na hizo za kwanza una polimerasi, kimeng'enya cha kufungua nyuzi, na kimeng'enya cha kusahihisha makosa ya kunakili. Mitambo mikuu ya kunakili RNA iko ng'ambo ya mteremko. Bila kuteleza hakuna polimerasi, na bila polimerasi hakuna kirusi kipya. Lakini kuteleza kila mara nako ni hasara, maana kirusi kinahitaji zile protini za kwanza kwa wingi zaidi kuliko polimerasi. Makadirio ya kiasi cha kuteleza hutegemea njia ya kupima, mengi yakiwa kati ya asilimia 20 na 50. Majaribio yaliyofanywa juu ya kirusi cha SARS cha 2003 yalionyesha kwamba kuvuruga fundo hilo, hata pale protini zinapobaki zilezile, hudhoofisha uzalianaji wa kirusi kwa kiasi kikubwa. Kwa maneno mengine, uwiano kati ya protini na protini umeandikwa katika ugumu wa fundo.

Nikuongezee jambo ambalo vitabu vingi vya vyuo bado havijaliingiza. Mwaka 2020 watafiti waliounganisha kwa kemikali sehemu za RNA zilizokuwa zimekaribiana ndani ya seli zilizoambukizwa waligundua kwamba eneo la mteremko hushikana pia na sehemu iliyo mbali nalo, likafanyika upinde wenye takriban herufi 1,500. Ina maana kwamba fundo tunalolichora vitabuni si umbo pekee ambalo eneo hilo hulichukua.

Wala usidhani kwamba hila hii ni ya korona peke yake. VVU nayo huteleza herufi moja nyuma ili ipate vimeng'enya vyake, japo kwa kiasi kidogo zaidi.

Mimi ni mfugaji wa kuku wa mayai, Kibaha. Mtaalamu wa mifugo alinieleza kuwa mkamba wa kuku unasababishwa na korona. Je, ni ileile? Na kuna hatari kwangu?

Ni ukoo mmoja, lakini si kirusi kilekile. Kirusi cha mkamba wa kuambukiza wa kuku hakijulikani kuwaambukiza watu, kwa hiyo hatari iliyopo ni kwa mayai na mfuko wako. Endelea kuwachanja kuku kwa ratiba, maana mara nyingi chanjo hiyo huja ikiwa imechanganywa na ya kideri.

Barua yako imetufurahisha kwa sababu nyingine. Ugonjwa huo wa kuku ulielezwa kitaalamu huko Marekani mwaka 1931, miongo kadhaa kabla ya neno "korona" kutumika kwa virusi. Kirusi chake ndicho cha kwanza katika ukoo huu kusomwa jenomu yake yote, mwaka 1987 huko Uingereza, na katika mwaka huohuo kundi la Ian Brierley likaonyesha kwamba ribosomu huteleza juu ya RNA yake. Mwaka 1989 kundi hilo likaeleza fundo bandia linalosababisha hayo. Kwa hiyo tuliyomjibu mwanafunzi wa Morogoro yalianza kujulikana kwa kuchunguza maradhi ya kuku, wakati ambapo watu wengi hawakuona sababu ya kujali virusi vya korona.

Mhariri mpendwa, nafanya kazi katika maabara ya hospitali jijini Mwanza. Wakati wa UVIKO-19 vipimo vyetu vya PCR vilitafuta jeni N, ya protini inayoifunika RNA ya kirusi, pamoja na jeni nyingine, na mara nyingi N ndiyo iliyotangulia kuonekana. Ikiwa kila kirusi kina nakala moja ya kila jeni, kwa nini N iwe nyingi?

Ubora wa vitendanishi vya kila jeni huchangia, kama unavyojua vizuri kuliko sisi. Lakini ipo pia sababu ya kibaiolojia, nayo inatokana na zile herufi sita tulizomwahidi mwalimu wa Tanga.

Herufi hizo ni ACGAAC. Ziko kwenye shina la tatu, mwishoni mwa kipande cha mwanzo chenye takriban herufi 70 kinachoitwa kiongozi, na zimerudiwa, kamili au kwa tofauti ndogo, kabla ya jeni nyingi zilizo upande wa mwisho wa uzi, zikiwemo jeni za protini ya mwiba na ya N. Polimerasi huanza kunakili kutoka mwishoni ikitengeneza uzi hasi, yaani uzi wenye herufi zinazooana na zile za asili. Ikifika kwenye ACGAAC ya jeni fulani, itakuwa imekwisha kuandika GUUCGU. Mara nyingine hupita na kuendelea. Mara nyingine husimama, ikaachana na mahali hapo, na GUUCGU iliyo mkononi mwake ikaenda kushikana na ACGAAC ya kiongozi, ambayo kwa hesabu ya herufi iko mbali sana: kutoka jeni N ni mruko wa takriban herufi 28,000. Kisha inamalizia kunakili kiongozi. Mruko wa namna hiyo hauelekei kuwezekana mtu akiiwazia RNA ikiwa imenyooka. Ikiwa imejikunja, huku protini zikisaidia kuzikaribisha sehemu za mbali, umbali wa hesabu si lazima uwe umbali halisi, na pia ACGAAC ya kiongozi inapaswa kuwa wazi kwenye mkunjo wake ili iweze kupokea.

Nyuzi hasi hizo fupi hunakiliwa tena kuwa RNA ndogondogo takriban tisa, kila moja ikianza na kiongozi yuleyule na kuishia kwenye mwisho uleule. Ribosomu kwa kawaida husoma jeni ya kwanza tu baada ya kiongozi, na hivyo kila RNA ndogo hutoa protini yake. Sasa angalia jeni N: ndiyo iliyo karibu zaidi na mwisho. Mfuatano wake umo kwenye RNA yake yenyewe, umo kwenye ya mwiba, umo kwenye kila nyingine, na umo kwenye uzi mrefu. Sampuli yenye RNA za seli zilizoambukizwa basi lazima iwe na herufi za N kwa wingi kuliko za jeni nyingine yoyote.

Kuna mambo mawili ya pembeni. Kwa kuwa kila RNA ndogo imerithi kiongozi, imerithi pia shina la kwanza, na hivyo zote huipita Nsp1. Lakini hazikurithi shina la tano, ambalo liko mbele ya mahali kiongozi kinapoishia. Shina hilo ni miongoni mwa sehemu zinazoshukiwa kutoa alama ya kufungashia, na huenda hiyo ni sababu mojawapo inayofanya virusi vipya vifungashe uzi mrefu badala ya zile RNA fupi zilizojaa pande zote.

Shikamoo Mhariri. Hapa mtaani kwetu Nairobi bado kuna watu wanaosema RNA ya chanjo hujinakili mwilini bila kikomo. Nawajibuje?

Marahaba. Waambie kwamba RNA ya chanjo za Pfizer na BioNTech na za Moderna imebeba jeni moja tu, ya protini ya mwiba. Ya Pfizer ina takriban herufi 4,300. Haina jeni ya polimerasi, haina kiongozi, haina ncha za korona ambazo polimerasi huzitambua. Seli huisoma, kisha huivunja kama inavyozivunja RNA zake. Zipo chanjo za aina nyingine zilizoundwa makusudi zijinakili kwa muda mfupi, na Japani iliidhinisha moja mwishoni mwa 2023, lakini hizo zimepewa polimerasi kutoka ukoo mwingine wa virusi na hazina jeni za kuunda kirusi kizima. Mtu anayezichanganya aina hizi mbili umfafanulie kwa utulivu. Tofauti ipo na si siri.

Mimi ni muuguzi, Kilifi. Ikiwa mikunjo hii ni ya lazima kiasi hicho, kwa nini hatuna dawa inayoifungua au kuigandisha?

Dada, swali hili wanajiuliza wengi wenye maabara kubwa. Dawa mnazozijua, kama remdesivir na ile ya nirmatrelvir, hulenga protini: ya kwanza hulenga polimerasi, ya pili kimeng'enya kinachokata mnyororo. Kwa upande wa RNA, kulikuwa na majaribio juu ya fundo la SARS hata kabla ya UVIKO-19, na mwaka 2021 ilichapishwa habari ya merafloxacin, kemikali ya jamii ya antibiotiki za florokwinoloni, iliyopunguza kuteleza kwa ribosomu na kupunguza virusi katika seli za maabarani. Kutoka kwenye seli za maabarani hadi kwenye kitanda cha mgonjwa ni safari ndefu, na hadi leo hakuna dawa ya korona iliyoidhinishwa inayolenga mkunjo wa RNA.

Ugumu si wa kinadharia tu. Protini nyingi huwa na mashimo yenye umbo thabiti ambamo dawa inaweza kukaa. RNA hucheza, hufunguliwa na ribosomu kila inapopita, na hujifunga tena, pengine kwa namna nyingine. Zaidi ya hayo, dawa isiyochagua vizuri itashika pia RNA za mgonjwa. Hata hivyo hatusemi haiwezekani. Risdiplam, dawa ya ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, ni molekuli ndogo inayofanya kazi kwa kujishikiza kwenye RNA.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kuchagua mkunjo wa kulenga. Karibu na mwisho wa uzi kuna mkunjo wa herufi 41 uitwao s2m. Umo katika kirusi cha SARS, umo katika kile cha mkamba wa kuku, umo hata katika astrovirusi, ambavyo si vya ukoo wa korona kabisa. Jambo lililotunzwa hivyo katika virusi visivyo na undugu lilionekana lazima liwe na kazi kubwa, na tangu mwaka 2005, umbo lake lilipochorwa kwa miali ya eksirei, lilitajwa mara kwa mara kuwa shabaha nzuri ya dawa. Kisha ikaja Omicron ya BA.2 mwanzoni mwa 2022, ikiwa imepoteza herufi 26 za mkunjo huo, nayo ikasambaa duniani kuliko zilizotangulia. Majaribio ya maabara yaliyoufuta mkunjo huo kwa makusudi nayo yakaonyesha kwamba kirusi hujizalisha vizuri bila huo. Aliyekuwa ameweka fedha zake kwenye dawa ya s2m alikuwa na mwaka mgumu.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, watafiti makini hudai ushahidi wa namna hii: unabadilisha herufi za upande mmoja wa shina ili lisiweze kushikana, na unaangalia kama kirusi kimedhoofika. Kikidhoofika, bado hujui kama kilihitaji umbo au kilihitaji herufi zenyewe. Ndipo unapobadilisha herufi za upande wa pili ziwiane na zile mpya, ili shina lirudi likiwa na herufi tofauti kabisa. Kirusi kikipata nguvu tena, unajua kwamba ni umbo lililohitajika. Fundo la mteremko limepimwa kwa njia hiyo katika maabara zaidi ya moja na likafaulu, na ndiyo maana kati ya mikunjo yote ya korona ndilo linalofuatiliwa zaidi na watafiti wa dawa.